Theluthi ya mjane

Wateja hapa Mombasa huniletea hukumu za enzi za mkoloni, kidole kikiwa juu ya neno dower. "Si mahari hii, wakili?" Ndiyo, hapo ni mahari. Majaji wa Kiingereza walipokutana na mahari ya Kiislamu, waliivika jina la kitu cha kwao. Ila hicho cha kwao kilikuwa kitu kingine kabisa, nacho kinastahili kuelezwa.

Mahari ni mali ya mke mwenyewe. Ikibaki deni, hulipwa kabla mirathi haijagawanywa. Dower ya Uingereza ilikuwa, kwa kawaida, theluthi ya ardhi ya mume, ambayo mjane aliitumia maisha yake yote. Alilima, alipangisha, alikula mavuno, lakini hakuweza kuirithisha. Akifa, ardhi ilirudi kwa warithi wa mumewe.

Katika karne ya 12 fungu hilo lilitajwa mlangoni mwa kanisa. Bwana harusi alisimama pale, watu wakisikia, akamtengea mkewe ardhi ya kumtunza iwapo yeye angetangulia kufa. Masikio ya mashahidi ndiyo yaliyokuwa hati. Baadaye Magna Carta, hati ya haki ya Uingereza ya mwaka 1215, ikaamuru mjane asitozwe chochote kwa fungu lake, asilazimishwe kuolewa tena, na akae nyumbani kwa marehemu siku 40 huku fungu likipimwa. Wanasheria waliziita siku hizo karantini, neno lililotokana na arobaini ya Kilatini. Usizichanganye na eda: eda ni wajibu wa mjane, zile zilikuwa kinga yake dhidi ya warithi wenye haraka.

Nguvu ya haki hii ilikuwa kwamba iliishika ardhi mume angali hai. Akiuza shamba bila mke kuridhia, mjane aliweza kumfuata mnunuzi na kudai theluthi yake. Kwa hiyo mnunuzi mwangalifu alitaka mke afike mbele ya jaji, ahojiwe faraghani, mume asiwepo, ijulikane kama ameridhia kweli. Nami hufanya hivyohivyo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka wenzi wote wawili waridhie kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani, na mke akija kutia saini namwomba mumewe asubiri nje. Wapo waliosoma karatasi upya mlango ulipofungwa, kisha wakarudisha kalamu mezani.

Wanunuzi wa ardhi Uingereza walichoshwa na kizuizi hicho. Sheria ya mwaka 1833 ikamruhusu mume kuiua haki hiyo kwa kuuza ardhi au kwa wosia, na ya mwaka 1925 ikaifuta. Hadi mwaka 1938 mume aliweza kuandika wosia akamwacha mkewe bila kitu, na hakuna sheria iliyomsaidia. Hilo huniuma. Theluthi ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa haki. Badala yake waliweka huruma ya mume.

Marekani, jimbo la Michigan liliifuta dower mwaka 2017, Ohio bado inayo. Kwetu Kenya, mume asiye Mwislamu akifa bila wosia na kuacha watoto, mjane humiliki vyombo vya nyumbani kabisa. Mali iliyobaki huitumia tu maisha yake yote. Akitaka kuuza kiwanja humo, lazima mahakama iridhie.