Je, wajua kwa nini wanafunzi wa MIT bado wanasoma Unix ya mwaka 1975?

Wanafunzi wa informatiki hapa Lubumbashi wana lalamiko ambalo halizeeki: wanafundishwa Pascal, Merise (mbinu ya kupanga data) na amri za MS-DOS (mfumo wa Microsoft wa kabla ya Windows), huku matangazo ya kazi yakidai Python, JavaScript na Linux. Wanaona wanasomeshwa historia. Sasa ajabu ni hii: huko MIT, chuo cha Marekani ambacho hakikosi fedha wala mashine mpya, somo la mifumo endeshi (programu kuu zinazoendesha kompyuta, kama Windows) hufundishwa kwa xv6. Huo ni mfumo mdogo ulioandikwa mwaka 2006 kwa kufuata Unix toleo la sita, na Unix hiyo ilitoka mwaka 1975. xv6 haiendeshi benki wala kiwanda. Haikuandikwa kwa kazi hiyo. Kwa nini basi wanaisoma?

Kwa sababu inasomeka yote. Msimbo wake ni mistari elfu chache tu. Kiini cha Linux, yaani sehemu yake inayotawala mashine, kimekwisha kupita mistari milioni 30, na sehemu kubwa yake inahusu vifaa ambavyo mwanafunzi hatavigusa maishani. Ndani ya muhula mmoja mtu anaweza kuichapa xv6 kwenye karatasi na kuisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ataona prosesa inavyoamka umeme ukiwashwa, programu moja inavyowekwa kando ili nyingine ipate zamu, faili linavyokatwa vipande na kutawanywa kwenye diski, na kufuli zinavyozuia programu mbili kuandika sehemu moja ya kumbukumbu kwa wakati mmoja. Kisha anapewa kazi ya kuibomoa na kuijenga upya. Akifungua Linux baada ya hapo, anakutana na mambo aliyokwisha kuyaona, ila yamenenepa.

Njia hii ya kufundisha ina kisa chake, na mtu aliyezoea kununua silabusi za fotokopi atakipenda. Mwaka 1976, John Lions, mwalimu wa Chuo Kikuu cha New South Wales huko Australia, aliwachapishia wanafunzi wake msimbo wa kiini cha Unix toleo la sita pamoja na maelezo yake mwenyewe. Kampuni ya AT&T, mwenye mali, ilipotoa toleo la saba mwaka 1979, leseni yake ikakataza msimbo huo kusomwa darasani. Vitini vya Lions vikaenda mafichoni, fotokopi ya fotokopi, kutoka chuo hadi chuo, kwa miaka mingi. Huko Amsterdam, profesa Andrew Tanenbaum akaona hana tena cha kufundishia. Akaandika mfumo wake mdogo, MINIX, uliotoka mwaka 1987. Mmoja wa waliounua alikuwa mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, na mwaka 1991 naye akatangaza kwamba anaandika mfumo wake, kwa kujifurahisha tu. Huo ndio Linux. Kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android inayouzwa kwenye soko la Kenya (komini yetu ya Kenya, si nchi).

Kwa hiyo kuhesabu miaka hakutufikishi mbali. Python, ambayo vijana wanaiona mpya, ilitoka mwaka 1991, na Java ni mdogo wake, ya mwaka 1995. SQL, lugha ya kuuliza hifadhi za data ambayo benki nyingi huitegemea kujua salio la mteja, ilibuniwa ndani ya IBM mwaka 1974. C ya Dennis Ritchie ni ya mwaka 1972, nayo ndiyo iliyoandika Linux. Mimi ningeuliza mambo mawili tu kuhusu kitu cha zamani kabla ya kukiingiza darasani: je, bado kinafanya kazi mahali fulani? Je, kinaweka wazi jambo ambalo vipya vimelificha? Kikikosa yote mawili, kiondoke.

Tuipime COBOL. Ilipangwa mwaka 1959, kwa kufuata kwa kiasi kikubwa mawazo ya Grace Hopper, mwanahisabati wa jeshi la majini la Marekani. Aprili 2020, korona ilipowaondoa watu kazini kwa mamilioni, gavana wa jimbo la New Jersey, Phil Murphy, alisimama hadharani kuomba wanaojua COBOL wajitolee, maana kompyuta za kulipa posho za wasio na kazi zilikuwa zimeelemewa. Wengi walishangaa kusikia lugha hiyo bado ipo. Ipo kwa sababu mbili. Ya kwanza unaweza kuijaribu mwenyewe kama una Python hata kwenye simu: andika 0.1 + 0.2. Utajibiwa 0.30000000000000004. Hiyo si kasoro ya Python. Prosesa huhifadhi namba zenye nukta kwa hesabu ya mbili-mbili, na sehemu moja ya kumi haina mwisho katika hesabu hiyo, sawa na theluthi moja tunapoiandika 0.333 na kuendelea. Mahali fulani lazima mkia ukatwe. Katika mchezo wa simu mkia huo si kitu. Katika akaunti zinazogeuza faranga kuwa dola kutwa nzima, mikia hujikusanya, na siku ya kufunga hesabu vitabu viwili havilingani. Tangu mwanzo COBOL ilimruhusu mwandishi wa programu aseme wazi: namba hii ina tarakimu saba kabla ya nukta na mbili baada yake, ihesabiwe kwa kumi-kumi kama karani anavyohesabu. Python na Java nazo zina njia hiyo, lakini ni lazima ukumbuke kuiita.

Sababu ya pili ni woga, na siwalaumu wenye mabenki. Programu iliyorekebishwa kwa miaka hamsini ndiyo pekee inayojua taratibu zote za ile benki, pamoja na zile ambazo waliozitunga wamekwisha kustaafu au kufa. Ukiiandika upya kwa lugha mpya bila kuielewa ya zamani, unatupa taratibu usizojua kwamba zipo.

Kwa sisi wa Katanga, hata hivyo, mfano ulio karibu zaidi ni Fortran, iliyotolewa na IBM mwaka 1957. Kampuni ya madini haioni chini ya ardhi. Hutoboa mashimo ya majaribio hapa na pale, hupima shaba na kobalti iliyomo, halafu hukadiria kilichopo kati ya shimo na shimo. Hesabu ya makadirio hayo ilianzishwa na Danie Krige, injinia wa dhahabu wa Witwatersrand nchini Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Mfaransa Georges Matheron akaijengea nadharia na kuipa mbinu jina la Krige. Mkusanyiko maarufu wa programu za hesabu hizo, GSLIB, uliotoka Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1992, umeandikwa kwa Fortran. Na mwanajiolojia anayejidai hajawahi kuigusa Fortran, akifanya kazi yake kwa Python na NumPy (mkusanyiko wake wa programu za hesabu), basi asichungulie chini: hesabu zake za matriki hutegemea maktaba ya LAPACK, na hiyo ni Fortran.

Viwandani kuna Modbus, lugha ambayo mitambo huzungumziana, iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979. Bado inatumika katika viwanda vya kila aina duniani. Ilivyobuniwa haiulizi neno la siri: yeyote aliyeingia kwenye mtandao wa kiwanda anaweza kuiamuru pampu isimame. Injinia asiyefundishwa hilo ataunganisha kiwanda na intaneti, kisha ataenda kulala.

Je, basi wanaolalamika wamekosea? La. Kusoma mfumo wa zamani na kuutumia ni mambo mawili tofauti, na mara nyingi tunachopewa ni hilo la pili. Windows XP iliacha kupata marekebisho ya usalama Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, Windows 10 Oktoba 2025. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipita katika Windows ambazo hazikuwa zimerekebishwa, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Kumfundisha mtu kubonyeza vitufe vya Windows iliyokufa ni kumpotezea wakati, tena ni kumzoesha hatari. Visual Basic 6 ilitoka mwaka 1998, na Microsoft iliacha kukihudumia chombo chake cha kuandikia mwaka 2008. Bado kuna TFC (kazi za kumaliza masomo) zinazojengwa juu yake na Access, programu ya Microsoft ya kuhifadhi data. Hiyo sina huruma nayo. Merise, mbinu ya Wafaransa ya tangu miaka ya 1970, nitaitetea kidogo: kuchora data na uhusiano wake kabla ya kuandika mstari wowote ni tabia nzuri, ingawa wiki chache zinatosha. Pascal nayo haina dhambi. Niklaus Wirth aliitoa mwaka 1970 akikusudia kufundishia.

Shida yenyewe iko ubaoni. Umeme ukikatika, au mashine zikiwa chache mbele ya wanafunzi mia, somo linafundishwa kwa chaki na mtihani unaandikwa kwa kalamu. Lugha yoyote ya kompyuta ikifundishwa hivyo hugeuka kuwa shairi la kukariri, na Python haitapona kwa sababu ni ya kisasa. Hapo ndipo vitu vidogo vya zamani vinapotufaa kuliko vinavyowafaa watu wa MIT. xv6 huendeshwa ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima, kwenye laptopu dhaifu, bure. Kompaila ya C (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) huwekwa kwenye simu ya Android kupitia Termux, app ya kuandikia amri. Ukishaipakua, haili mega wala haisubiri SNEL irudishe umeme. TP (mazoezi ya vitendo) inaweza kufanyika kwenye kiti cha auditori.

Ningekabidhiwa mpango wa masomo wa LMD (lisansi, masta, doktora), basi Python, SQL na Git (chombo cha kutunza matoleo ya msimbo) vingeanza mwaka wa kwanza. C na xv6 vingekuwa lazima mwaka wa pili kwa kila mtu wa informatiki. Fortran ningewapa wa politekniki na wa jiolojia, COBOL iwe hiari kwa wa informatiki ya usimamizi, na MS-DOS ipate nusu saa, kama salamu. Kila somo linaloingia linakula krediti (alama za uzito wa somo) za somo jingine, kwa hiyo Visual Basic ndiyo ingelipa.

Hiyo C ya lazima ina tarehe yake kwenye kalenda. Unix huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na mashine nyingi ziliziweka sekunde hizo katika nafasi ya biti 32 (tarakimu 32 za sifuri na moja), ambayo haiwezi kuvuka 2,147,483,647. Nafasi hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 05:14 alfajiri kwa saa za Lubumbashi. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haikurekebishwa itadhani ni Desemba 1901. Linux za karibuni na simu mpya zimekwisha kuhamia biti 64. Vilivyobaki ni vidhibiti vidogo vilivyofungwa ndani ya mitambo, ambavyo hakuna anayevifungua kwa miaka ishirini, na watakaotumwa kuvikagua ni hawa wanaoingia mwaka wa kwanza sasa.