Mzigo wa bawa, na kereng'ende anayevuka bahari

Mzigo wa bawa ni uzito wa mwili ukigawanywa kwa eneo la mabawa yote. Mdudu mzito mwenye mabawa membamba ana mzigo mkubwa: asipokwenda kasi na kupiga mabawa mfululizo, atashuka. Mwepesi mwenye mabawa mapana anaweza kuacha kupiga, akaelea, na bado asiporomoke.

Kwa kereng'ende, la kutazama ni bawa la nyuma. Mchukue Pantala flavescens, yule wa manjano anayerandaranda juu ya viwanja majira ya mvua. Ana urefu wa sentimita 4.5 hivi, lakini bawa lake la nyuma limetanuka sana pale linapoungana na kifua. Upana umeongezwa karibu na mwili, si kwenye ncha, na hapo ndipo penye ujanja: eneo la kuelea linaongezeka, ilhali ncha, ambayo ndiyo husafiri mbali zaidi kila bawa likipigwa, inabaki nyepesi.

Si kila kereng'ende mhamaji ameumbwa hivyo. Anax junius wa Amerika Kaskazini ni mkubwa na mzito zaidi, naye huhama kutoka Kanada hadi Meksiko, akitegemea zaidi nguvu za misuli.

Pantala hutegemea upepo. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson alieleza jinsi makundi yao yanavyofika Maldivi kila Oktoba, visiwa ambavyo karibu havina maji baridi ya juu ya ardhi ya kuzalia. Wakati huo upepo wa chini huko bado unavuma kutoka magharibi, lakini zaidi ya mita 1,000 juu tayari kuna upepo wa kaskazini-mashariki. Kwa maoni yake, kereng'ende hupanda huko na kubebwa kutoka India, wakipita Shelisheli, hadi Afrika Mashariki. Safari hiyo juu ya bahari inazidi kilomita 3,500, na kwa mdudu wa kupiga mabawa njia nzima mafuta ya mwilini yasingetosha.

Huku hufika wakati wa vuli na kutaga kwenye madimbwi ya mvua. Lava, yaani watoto wao wanaoishi majini, hukua upesi, mara nyingine kwa wiki sita tu, kabla dimbwi halijakauka. Inaaminika kwamba wanaorudi India na upepo wa kusi ni kizazi kingine, si wale waliokuja.