Vali ya aota: mrija au kufungua kifua?

“Daktari, si kuna ile ya kupitisha mrija pajani? Mbona mnataka kunipasua kifua?” Swali hili nalisikia mara nyingi, na nalijibu taratibu, maana anayeuliza ana hofu na hofu yake ni ya haki.

Vali ya aota ni mlango ambao damu hupita ikitoka moyoni kwenda mwilini. Kwa wazee hujengeka chokaa, ikakakamaa, tundu lake likapungua kutoka sentimita za mraba 3 au 4 hadi chini ya 1. Mzee akipanda ngazi anahema, kifua kinabana, pengine anazimia. Hakuna kidonge cha kuiyeyusha chokaa hiyo.

Mrija ulibuniwa kwa ajili ya huyo. Mwaka 2002, mjini Rouen, Ufaransa, Alain Cribier alimwekea vali kwa njia hiyo mgonjwa mahututi asiyeweza kupasuliwa. Alikuwa binadamu wa kwanza kuwekewa vali ya aota kwa mrija. Vali ya tishu ya mnyama, iliyoshonwa kwenye wavu wa chuma, hukunjwa, hupitishwa kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, kisha hutanuliwa ndani ya ile mbovu. Lakini kinachoishikilia isiteleze ni chokaa ileile iliyoleta ugonjwa.

Wagonjwa wangu wengi ni vijana. Utotoni waliugua koo, ikafuata homa ya baridi yabisi, ikala vali. Vali zao huvuja na hazina chokaa ya kushikilia kitu, na mara nyingi vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, nayo imeharibika. Hao tunawafungua kifua, moyo unasimamishwa, mashine inabeba kazi yake, vali mpya inashonwa.

Kinachonikosesha usingizi ni aina ya vali. Ya chuma hudumu miaka mingi sana, ila inadai warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku na kupimwa damu maisha yote. Kwa binti anayetaka kuzaa, dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Akiiacha tu, damu inaweza kuganda kwenye vali. Ya tishu haimfungi hivyo, lakini kwa kijana huchakaa mapema. Namwambia wazi: mwanangu, utarudi tena hospitali.

Siku hiyo ikifika, huenda mrija ukamfaa. Vali mpya inaweza kutanuliwa ndani ya ile ya tishu iliyochakaa, mradi ya kwanza iwe na upana wa kutosha. Ndiyo maana, kabla ya upasuaji wa kwanza, namwomba mpasuaji ashone vali kubwa kadiri moyo wa mgonjwa unavyoruhusu.