Ukiritimba wa mnunuzi ni nini?

Muwa ukishakatwa hauna subira. Kila siku unayokaa juani unapungua uzito na utamu, na mkulima wa Busoga, Uganda, aliyepanga foleni nje ya kiwanda anajua hivyo. Mwenye kiwanda naye anajua. Basi akitaja bei ya tani, mkulima afanyeje? Arudishe miwa shambani?

Huo ndio ukiritimba wa mnunuzi. Tuliouzoea ni ule wa muuzaji: duka ni moja, bei iko juu. Huu ni kinyume chake: wauzaji tele, mnunuzi mmoja au wachache walioelewana, bei iko chini. Wanauchumi huuita monopsoni, neno lenye asili ya Kigiriki lililoenezwa na Joan Robinson wa Cambridge mwaka 1933. Si lazima mnunuzi awe peke yake nchini. Yatosha awe peke yake pale ambapo mzigo wako unaweza kufika kabla haujaharibika. Mwajiri pia yumo, kwani hununua kazi za watu.

Uganda tumegombania jambo hili bila kulitaja jina. Sera ya sukari ya 2010 ilitaka kila kiwanda kiwe na eneo lake la kilomita 25 kila upande. Wenye viwanda walikuwa na hoja: tunawakopesha wakulima mbegu na mbolea, kisha kiwanda jirani kinakuja kuvuna. Hoja nzito, sikatai. Lakini mkulima aliyezungushiwa duara hilo angebaki na mlango mmoja tu wa kubisha. Sheria ya Sukari ya 2020 ilipita bila kanda hizo.

Wanasheria wengi wa ushindani huanza na mlaji, na bei ya chini humfurahisha mlaji. Ila bei kushuka shambani si lazima ishuke dukani; anayelipwa kidogo hupunguza kilimo, na bidhaa huadimika. Marekani, mwaka 1948, Mahakama ya Juu iliamua kwamba viwanda vilivyopatana bei ya kununulia viazisukari California vinaweza kushtakiwa chini ya sheria ya ushindani ya 1890, ingawa walioumia walikuwa wakulima. Mwaka 2022 mahakama ya huko ikazuia kampuni ya vitabu ya Penguin Random House kuinunua mwenzake Simon & Schuster, kwa kuwa waandishi wangelipwa kidogo.

Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya 2023, chini ya Wizara ya Biashara. Mchunguzi wake akifika Busoga, asianze na bei ya kilo dukani. Aulize lori likikataliwa hapa, linaweza kwenda wapi leo hii.