Dodoma–Iringa kwa ndege: maili 90, lakini dakika ngapi?

Tazama ramani. Uwanja wa ndege wa Dodoma na ule wa Nduli, Iringa, vimekaa karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 35 na dakika 45 mashariki. Kwa rubani hii ni raha tupu, maana umbali unaupata bila kikokotoo. Dodoma iko nyuzi 6 na dakika 10 kusini mwa Ikweta, Nduli nyuzi 7 na dakika 40. Ukitoa zinabaki dakika 90 za latitudo (nyuzi moja ni dakika 60), na kila dakika ya latitudo ni maili moja ya baharini. Basi ni maili 90, sawa na kilomita 167 hivi. Kwa gari kupitia Mtera ni kama kilomita 260.

Umbali ndio huo. Kwenye muda ndipo watu wanapodanganyika. Ukigawa kilomita hizo kwa mwendo wa jeti, kilomita 800 kwa saa, unapata dakika 12 au 13, na hakuna ndege itakayokufikisha Nduli kwa muda huo. Mimi narusha Cessna Caravan, pangaboi ya injini moja. Ikishatulia angani inakwenda noti 180, yaani maili 180 za baharini kwa saa, kwa hiyo maili 90 ni nusu saa. Lakini lazima kwanza ipande. Kutoka Dodoma mpaka futi 10,500 ni kama dakika 10, na muda wote huo mwendo hauzidi sana noti 115. Hapo nimeshapoteza dakika 4. Ongeza kutembea ardhini, kusubiri ruhusa ya mnara, kuzunguka kujipanga kutua: dakika 45 tangu injini iwake hadi izimwe.

Joto nalo lina lake. Dodoma iko mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Oktoba, joto likifika nyuzi 30, hewa inakuwa nyepesi kama ya mita 1,900. Pangaboi linakosa hewa nzito ya kushika, injini nayo inachoka mapema, na ndege inapanda kwa kujivuta. Ndiyo maana napenda sana kuondoka asubuhi.

Halafu upepo. Kuanzia Juni, kusi hutupiga usoni tukielekea Iringa na kutusukuma tukirudi. Wengi hudhani hasara na faida zinafutana. Hapana! Chukua upepo wa noti 20: kwenda unabaki na noti 160, karibu dakika 34, kurudi unapata noti 200, dakika 27. Jumla ni dakika 61, wakati bila upepo zingekuwa 60, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaokuzuia kuliko ule unaokusaidia.

Kwa hiyo abiria mwenye kikao Iringa mjini saa nne asubuhi namwambia tuwashe injini saa mbili na nusu. Kutoka Nduli mpaka mjini bado kuna kipande cha barabara.