Sehemu za kubofya kwenye mchoro wa vipuri: kwa nini haziitiki

Kwenye mchoro wa pampu ya maji iliyofumuliwa, kila kipuri kikiwa na namba ndani ya kiduara, fundi akigusa namba 7 anataka jina la gasketi na namba ya kuiagizia. Asipopata jibu, kagua faili la mchoro kabla hujalaumu programu.

Picha za JPEG au PNG zenye ramani ya HTML (orodha ya maeneo ya kubofya juu ya picha) zina tatizo la asili: majiranukta (namba zinazoonyesha mahali) ya kila eneo huhesabiwa kwa pikseli, na hayafuati picha inapopunguzwa. Picha ya upana wa 1000 ikionyeshwa kwa 500, mtu anagusa bolti analetewa kifuniko. Napendelea SVG (mchoro unaoandikwa kwa maumbo badala ya pikseli) yenye viewBox, yaani fremu ya vipimo vya ndani vya mchoro, maana mchoro na maeneo yake hupungua pamoja. Iandike ndani ya ukurasa wenyewe. Ukiiita kwa img, lebo ya HTML ya kuweka picha, viungo vyake vyote hufa.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni fill="none", yaani umbo lisilojazwa rangi. Umbo la hivyo hupokea mguso kwenye mstari wa ukingo tu, katikati ni tundu. Weka fill="transparent" au pointer-events="all" (sifa inayoamua kama umbo lipokee mguso). Maandishi ya namba nayo yape pointer-events="none", yasije yakameza mguso wa eneo lililo chini yake.

Halafu ukubwa. WCAG 2.2 (mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti), ngazi ya AA, inataka kwa kawaida angalau pikseli 24 kwa 24. Kiduara cha nusukipenyo 12 ndani ya viewBox ya upana wa 1000, kikionyeshwa kwenye simu ya pikseli 360, kinabaki na kipenyo kisichofika 9. Juu yake weka duara lisiloonekana la nusukipenyo 34. Namba zikisongamana maduara yatapandana, na lililoandikwa mwisho kwenye faili ndilo hupokea mguso. Basi maeneo makubwa yatangulie, madogo yafuate. Mpangilio huohuo ndio kitufe cha Tab hufuata kwenye viungo, kwa hiyo ujaribu pia kwa kibodi.

Usifunge kiungo kwenye namba ya kiduara, kwani toleo jipya la mchoro huweza kuibadilisha. Kifunge kwenye namba ya kipuri, ile ya kukiagizia. Bolti sita za aina moja haziwezi kushiriki id moja, kwani id ni jina la kipekee la kitu kimoja kwenye ukurasa. Zipe zote sifa ya data-kipuri yenye thamani ileile, ili ikiguswa moja msimbo wako uweze kuzibadilisha rangi zote sita.