Vitabu havilingani: jinsi ya kupima kazi ya idara ya uorodheshaji

Kila mwaka wakati wa kupanga bajeti, idara ya uorodheshaji na utayarishaji wa vitabu huulizwa swali moja kabla ya mengine yote: mmeingiza vitabu vingapi? Ninasimamia idara hiyo katika maktaba ya taasisi moja ya elimu ya juu hapa Lubumbashi, na nimeona jinsi swali hilo, ingawa huulizwa kwa nia njema, linavyopotosha mpango mzima wa wafanyakazi. Idadi ya vitabu haielezi kazi iliyofanyika. Idara kama yetu inastahili kupewa watu kulingana na aina ya vitu vinavyoingia, wala si kulingana na wingi wa makatoni, na ninataka kueleza kwa nini.

Kitabu kikifika kwetu hukaguliwa, huandikwa katika daftari la kuingizia na kupewa namba yake, hupigwa muhuri, kisha hupelekwa kwa mworodheshaji. Yeye hutazama kama kimo tayari katika katalogi, hutengeneza rekodi yake kwenye kompyuta, huamua jina la mwandishi liandikwe kwa namna gani, huchagua mada zitakazomwongoza msomaji, na hukiainisha, yaani hukipa namba itakayokiweka rafuni pamoja na vitabu vya somo hilo. Baada ya hapo hubaki lebo ya mgongoni, msimbopau, karatasi ya tarehe za kurudisha, na jalada la plastiki kwa vile vitakavyoazimwa sana. Sehemu ya kwanza na ya mwisho ni kazi ya mikono: inataka uangalifu na usafi, na mtu makini huizoea kwa muda mfupi. Sehemu ya katikati ni kazi ya uamuzi, nayo haiharakishwi kwa kuongeza watu wasioisomea.

Kuna vitabu ambavyo uamuzi wake umekwisha kufanywa na wengine. Mwaka 1901 Library of Congress ya Marekani ilianza kuziuzia maktaba nyingine kadi zilizochapwa, ili kitabu kimoja kisielezwe upya katika kila maktaba inayokinunua, na mwaka 1971 OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba huko Ohio, ikaihamishia shughuli hiyo kwenye kompyuta. Leo, kitabu kilichochapwa Paris au London kikiwa na ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, mworodheshaji wetu huandika tarakimu zake katika Koha, programu yetu ya maktaba, huomba rekodi kutoka Maktaba ya Taifa ya Ufaransa au kutoka Library of Congress huko Washington, na mara nyingi huipata papo hapo. Hata hivyo rekodi ya kuazima haimezwi nzima. Ikitoka Washington, mada zake ni za Kiingereza, ilhali wasomaji wetu hutafuta kwa Kifaransa, kwa hiyo tunazibadilisha kwa kufuata RAMEAU, orodha ya mada za Kifaransa. Namba yake ya rafuni huwa ya uainishaji wa Dewey au wa Library of Congress yenyewe, na rafu zetu za zamani zimepangwa kwa CDU, ule uainishaji ulioanzishwa Brussels na Paul Otlet na Henri La Fontaine, ambao toleo lake la kwanza lilitoka kati ya mwaka 1905 na 1907. Anayenakili lazima aelewe anachonakili.

Kisha kuna vitu ambavyo hakuna mtu mwingine duniani atakayetuorodheshea: tasnifu za wanafunzi, ripoti za utafiti kuhusu migodi na udongo, vijitabu vya parokia, maandishi ya Kiswahili, Kiluba na Kibemba yaliyochapwa hapa hapa mjini bila ISBN, bila mwaka, pengine bila jina la mchapaji. Kimoja kipo mezani pangu ninapoandika haya. Jalada lina kichwa kimoja na ukurasa wa ndani una kingine. Kurasa zimepewa namba hadi 41 kisha zinaanza upya kwa 1. Na mwaka pekee unaoonekana ni ule uliowekwa chini ya dibaji. Kanuni za ISBD za kueleza vitabu, ambazo IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, ilianza kuzitoa mwaka 1971, zina jibu kwa kila tatizo kati ya hayo: kichwa cha ukurasa wa ndani ndicho kinachoshika, cha jalada kinatajwa katika maelezo ya ziada, mifuatano yote miwili ya kurasa inaandikwa, na mwaka uliokisiwa unawekwa ndani ya mabano ya mraba. Lakini ili kuzitumia, mworodheshaji hana budi kukifungua kijitabu, kukisoma vya kutosha ili ajue kinahusu nini, na kuhakikisha kwamba hakuna toleo jingine lililokwisha kuingizwa kwa kile kichwa cha jalada.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kitabu chenye rekodi ya kunakili kinachukua dakika 6, na tasnifu isiyo na rekodi popote inachukua dakika 40. Vitabu 300 vya aina ya kwanza vitachukua saa 30. Tasnifu 300 zitachukua saa 200. Ikiwa mworodheshaji mmoja hupata saa 5 za utulivu kwa siku, kazi ya kwanza inakwisha kwa siku 6 na ya pili kwa siku 40. Katika ripoti ya mwaka zote mbili zinaandikwa 300, na aliyeshughulikia tasnifu anaonekana mzembe kuliko mwenzake. Huo ni udhalimu kwa mfanyakazi, na tena ni kosa la usimamizi, kwa sababu mtu anayepimwa kwa idadi tupu atajifunza upesi kuchukua vitabu vyepesi na kuacha tasnifu chini ya meza.

Sehemu inayokula muda kuliko zote hapa kwetu ni majina, na wakuu wengi hawaioni kabisa. Katalogi nzuri hukusanya kazi zote za mwandishi mmoja mahali pamoja, hata kama jina lake limeandikwa kwa namna nne tofauti. Katika Kongo jambo hilo ni zito. Mwaka 1972 serikali ya Zaire ilipiga marufuku majina ya Kikristo, na waandishi waliokuwa wakijulikana kwa jina la ubatizo wakaanza kuonekana kwa majina mengine. Mfano unaojulikana sana ni wa Mudimbe, mwanafalsafa aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, wakati mji ukiitwa Jadotville, na aliyefundisha hapa Lubumbashi kabla ya kuhamia Marekani: herufi V. Y. zilizokuwa kifupi cha Valentin-Yves ziliweza kubaki juu ya majalada, sasa zikisimama badala ya Vumbi Yoka. Kwake yeye kazi ni rahisi, kwa kuwa maktaba kubwa za dunia zimekwisha kuunganisha majina hayo. Kwa mwalimu wa sekondari aliyeandika historia ya kijiji chake mwaka 1968 kwa jina la ubatizo, kisha akaandika tena mwaka 1975 kwa jina la ukoo na la babu yake, hakuna atakayeunganisha ila sisi. Na bado hatujagusa akina Ilunga, ambao ni wengi mno, na ambao mmoja huweka jina hilo mwanzoni, mwingine katikati, na wa tatu hulifupisha kuwa herufi moja.

Mahali nako ni hivyo hivyo. Élisabethville na Lubumbashi ni mji mmoja. Mkoa wa Katanga uliitwa Shaba hadi mwaka 1997, kisha ikarudi kuwa Katanga, na mwaka 2015 ikagawanywa kuwa mikoa minne, yaani Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambacho historia yake inaanzia mwaka 1955 kama chuo kikuu rasmi cha Kongo ya Ubelgiji na Ruanda-Urundi, kilimezwa na UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, mwaka 1971 na kupata uhuru wake tena mwaka 1981. Tasnifu ya mwaka 1974 haina neno Lubumbashi katika jina la chuo isipokuwa kama kampasi. Mwanafunzi anayetafuta utafiti wa zamani kuhusu mji wa Kolwezi hapaswi kujua mabadiliko hayo yote kabla ya kuandika neno katika kisanduku cha kutafutia; ni sisi tunaopaswa kuyajua na kuyaunganisha kwa niaba yake. Kuunganisha huko hakuongezi hata kitabu kimoja katika takwimu za mwaka.

Kwa hiyo ninapoombwa kusema idara inahitaji watu wangapi, siku hizi ninaanza na aina nne za vitu: vyenye rekodi kamili ya kunakili, vyenye rekodi ya kurekebisha, visivyo na rekodi, na vile vinavyohitaji kutengenezwa kwanza kwa sababu vimelowa au vimeoza mgongo. Kila aina ina muda wake wa wastani, ambao tunaupima wenyewe kwa wiki kadhaa, na ndipo tunajua saa zinazotakiwa. Halafu lugha. Waorodheshaji wawili wanaosoma Kifaransa peke yake hawalingani na wawili ambao mmoja wao anasoma Kiingereza vizuri na mwenzake Kiluba. Wale wa kwanza watabaki na rundo ambalo hakuna anayeweza kuligusa. Mastajieri, yaani wanafunzi wa mafunzo ya vitendo, wanaotumwa kwetu na shule ni msaada wa kweli katika lebo na mihuri, lakini msimamizi asisahau kwamba kila stajieri anachukua sehemu ya siku ya mworodheshaji anayemfundisha. Nimeona maktaba ikiondoa mworodheshaji mmoja na kuleta mastajieri watatu mahali pake, na rundo likakua.

Rundo lenyewe lina gharama. Mwanafunzi anaponiuliza, «Papa, kitabu kilifika tangu mwezi wa pili, mbona kwenye katalogi hakimo?», ana haki ya kukasirika, maana fedha zimetumika na yeye hajasoma. Tena katika ardhi yetu hii, ambako vichuguu hupita urefu wa nyumba, katoni iliyowekwa sakafuni msimu mmoja wa mvua ni chakula cha mchwa. Ndiyo maana ninatetea rekodi fupi. Kanuni za uorodheshaji za AACR2 za mwaka 1978 ziliruhusu ngazi tatu za maelezo, na ngazi ya kwanza, yenye kichwa, mwandishi, toleo, mchapishaji, mwaka na idadi ya kurasa, inatosha kukitoa kitabu sakafuni na kukifanya kionekane. Mada na majina yanaweza kukamilishwa baadaye. Sharti langu ni moja: rekodi fupi iwekewe alama inayoonyesha kwamba haijakamilika, la sivyo itabaki fupi milele.

Kuhusu vitabu vya msaada msimamo wangu ni mkali. Makatoni yanayotoka ng'ambo yakiwa na matoleo manne yaliyopitwa na wakati ya kitabu kile kile cha uhasibu wa nchi nyingine hayapaswi kufika kwenye meza ya mworodheshaji. Uchambuzi ufanyike mlangoni, pamoja na mwalimu wa somo husika, na yasiyofaa yakataliwe kwa barua ya heshima. Kitabu cha bure kinatumia dakika zile zile za kitabu cha kununua, pamoja na nafasi rafuni.

Umeme nao unapanga siku. Ukikatika, katalogi inasimama, na idara iliyogawanya watu wake kwa ukali, huyu wa kompyuta na huyu wa gundi, itakuwa na nusu ya watu wamekaa bure. Sisi tunahifadhi kazi ya mikono kwa saa hizo: kupiga mihuri, kubandika lebo zilizochapwa asubuhi, kukagua migongo. Mworodheshaji hutumia saa hizo kusoma tasnifu na kuandika kwa penseli, kwenye karatasi, mada anazopendekeza, ili umeme ukirudi abaki na kuandika tu.

Jambo la mwisho ninaloomba katika kila bajeti halihitaji fedha nyingi: muda uliotengwa rasmi kwa ajili ya daftari la maamuzi. Ndani yake tunaandika kwa nini mwandishi fulani ameingizwa kwa jina lile, ni namba gani tuliyochagua kwa historia ya machifu, ni tasnifu zipi zilizobaki katika CDU na zipi zilizohamishiwa Dewey. Mworodheshaji wetu mkongwe anakaribia kustaafu. Mengi ya maamuzi hayo yamo kichwani mwake, na tumekubaliana kwamba kila Ijumaa baada ya saa sita mchana hataorodhesha chochote. Ataketi na mwenzake mdogo, naye ataandika anayoelezwa.